Simu ya Babu Haikuibiwa

Mkolani, Mwanza
9 Machi 2025

Mpendwa Dada Evelina,

Simu ya Babu haikuibiwa. Niliitoa mimi mwenyewe kwa fundi Mhoja pale Mabatini, naye akaifuta yote mbele ya macho yangu. Hakuna mtu mwingine anayejua. Baba anaamini ilichomolewa kwenye mkoba wangu sokoni. Mama naye anaamini hivyo. Hata mama yako, shangazi Teodora, anaamini hivyo, na ndiye aliyenipa pole kuliko wote.

Nimeanza na hili kabla ya salamu kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitasalimia mpaka karatasi iishe.

Sasa nikusalimu. Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hatujambo. Matokeo ya kidato cha nne yalitoka, nimepata daraja la pili. Baba aliyasoma mara tatu, kisha akatoka nje na kusimama karibu na banda la kuku. Mguu wa Mama unapungua uvimbe. Shangazi alikuja juzi kutoka Usagara na mihogo na karanga mbichi. Anasema mvua za huko ni nzuri, na amepanda hadi kwenye ule ukingo wa barabara ambao Babu alikuwa akiuacha.

Unakumbuka tulivyobishana Krismasi kule Usagara? Ulisema simu ya Babu inaganda kama ugali wa jana, na kamera yake inampiga picha kila mtu kama marehemu. Mimi nikasema iPhone yako inaomba chaji kama mtoto aliyeachishwa ziwa, haina laini mbili, haina mlango wa kadi, na kwa bei yake mtu anapata Android nne na chenji ya nauli. Ukasema iPhone hata ukiinunua mkononi kwa mtu haichoki, na ukitaka kuiuza bei haishuki. Babu akauliza ni ipi kati ya hizo inayoweza kumpigia mtu bila salio. Tulicheka, naye akaendelea kungoja jibu.

Ukweli, dada, ni kwamba niliitetea Android kwa sababu ndiyo niliyokuwa naishika. Ulipoingia utawani huko Ukerewe Januari, baada ya mazishi, ukaniachia iPhone yako, nilijiona nimekuwa mtu mwingine. Lakini betri yake ilikuwa imechoka. Nikiichomoa saa mbili asubuhi, saa tano imezima. Mhoja aliitazama akasema niache simu ya Babu kwake, naye aniwekee betri nzuri, tumalizane.

Usidhani nilisahau kilichokuwa ndani yake. Wewe hukuwepo siku ile ya Agosti, kwa hiyo nikueleze. Katekista alikuwa amekuja kuandika maneno ya Babu kuhusu shamba, Babu akakataa. Alisema karatasi haina sauti ya mtu, kila mmoja ataisoma kwa mdomo wake. Akaniita, akaniambia nifungue kinasa sauti, niweke simu juu ya kigoda, kisha nitoke nje, kwa sababu mtoto hasikilizi mambo hayo. Nilikaa nje nikichambua mchicha. Aliponiita nizime, alikuwa ametoka jasho. Jioni ile akawaambia wote kwamba maneno yake yako kwenye simu, simu iko kwa Rebeka, na yatasikilizwa siku ya kuondoa matanga.

Kwa hiyo nilitaka kuyahamishia kwenye iPhone kwanza. Tulifanya pale pale mezani kwa Mhoja. iPhone ikasema nafasi haitoshi, nichague. Nafasi yote ilikuwa imeliwa na picha zako za kwaya na za sahani za chakula, nami niliona aibu kuzifuta. Nikachagua picha na majina, vingine nikaviruka. Picha za Babu zikaanza kuingia moja moja, yuko na kofia yake, na mimi nikaamini ameingia mzima.

Mhoja akaniuliza, "Nafuta?"

Nikasema, "Futa."

Siku ya tatu ndipo nilipoitafuta sauti. Nilirudi mbio Mabatini. Simu ilikuwa imeshauzwa kwa mpita njia, na Mhoja akasema hata kama angekuwa nayo, kilichofutwa kimefutwa. Nikarudi nyumbani nikasema nimeibiwa.

Matanga yanaondolewa Jumatatu ya Pasaka. Nifanye nini?

Wako,
Rebeka

*

Nyumba ya Malezi, Ukerewe
6 Aprili 2025

Mdogo wangu Rebeka,

Milele amina. Hapa barua tunakabidhiwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, ndiyo maana unajibiwa leo. Sijambo. Tunalima, tunafua, tunajifunza kukaa kimya, na hilo la tatu ndilo gumu. Simu zetu tuliziacha nje. Mwenzangu mmoja kidole gumba chake bado kinapandisha na kushusha hewani akiwa anasali, nasi tunajizuia tusicheke. Hongera kwa daraja la pili. Msalimie Mjomba, umwambie nimefurahi.

Nimeisoma barua yako mara mbili, kisha nikaenda kupalilia ili nisiandike nilichotaka kuandika kwanza.

Unajua shamba lile ni nini kwa mama yangu. Baba yangu alipofariki, ndugu zake walimrudisha na sanduku moja. Babu alimpokea, akampa lile shamba la barabarani, naye Mama akalilima miaka kumi na moja, akamwogesha Babu mpaka siku ya mwisho. Wote tulijua Babu alitaka libaki kwake. Lakini Mjomba ana desturi upande wake. Mwanamke aliyetolewa mahari ya ng'ombe hana shamba kwa baba yake. Kitu pekee kilichokuwa kinaishinda desturi ni mdomo wa Babu mwenyewe. Sasa umenielewa?

Sikiliza vizuri. Simu ile niliiandaa mimi nilipomletea Babu. Ilikuwa na nafasi ndogo, kwa hiyo nilielekeza kinasa sauti kihifadhi kwenye memori kadi. Mafundi huwa wanatoa kadi na laini kabla ya kuchukua simu ya mtu. Je, Mhoja alikupa kadi? iPhone haina pa kuichomeka, naona ndiyo maana hukuiwaza. Hicho ndicho kitu ulichokuwa ukinishindia kwenye ubishi wetu, nami nikikucheka. Kitafute.

Hata usipokipata, usiingie kwenye kikao kile na uongo. Mwambie Mjomba kabla. Atafoka. Mwache afoke.

Dada yako,
Evelina

*

Mkolani
27 Aprili 2025

Mpendwa Dada Evelina,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi ni wazima. Pasaka ilikuwa nzuri, kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama kwenye maua. Mama sasa anatembea bila fimbo. Kuku wetu mweupe amekufa.

Barua yako imenifikia Alhamisi, tarehe 24. Mama muuza dagaa aliyeibeba kutoka Ukerewe alikuwa na msiba, akakaa nayo. Kikao kilikuwa Jumatatu, tarehe 21. Sisemi hivi ili kujitetea. Nakueleza tu siku zilivyopita.

Tulikaa uani kwa Babu, Usagara. Wazee watano wa ukoo, Baba kwenye kiti, shangazi kwenye mkeka. Walizungumza kwanza habari za ng'ombe watatu na baiskeli, na hayo yaliisha haraka. Kisha mzee mmoja akauliza maneno ya marehemu yako wapi. Baba akaeleza habari za wizi. Shangazi akasema kila mtu hapo alijua Babu alichokitaka, na kwamba yeye mwenyewe alimwambia zaidi ya mara moja wakati anamwogesha. Mzee akamjibu kwa upole kwamba alichoambiwa peke yake hakina shahidi.

Kisha Baba akanigeukia. Hakuwa na hasira, dada. Laiti angekuwa na hasira.

"Rebeka, simu ilikuwa kwako. Babu yako alisema nini humo?"

Nikasema, "Nilikuwa nje."

Na ni kweli, nilikuwa nje. Nilipolisema nilijisikia mtu mkweli kabisa, kwa muda mfupi kama wa kumeza mate.

Shangazi alinitazama. Nilidhani atanigombeza. Akasema, "Mwacheni mtoto, aliibiwa." Baadaye, wakati Baba anasema kwamba kama hakuna sauti itabidi turudi kwenye desturi, alijifunga kanga yake upya akasema, "Kwa hiyo baba yangu ameibiwa pamoja na simu." Wazee wakasema shamba liende kwa mtoto wa kiume, Machibya, naye amwangalie dada yake. Baba akasema atamwangalia. Tukala pilau.

Kuhusu ulichoniuliza, nitakuandikia siku nyingine. Karatasi zimeniishia.

iPhone yako iko salama. Tangu betri mpya iwekwe, inakaa na chaji mpaka jioni.

Wako,
Rebeka

*

Nyumba ya Malezi, Ukerewe
6 Julai 2025

Rebeka,

Milele amina. Barua yako niliipata Mei. Sikujibu Mei, wala Juni. Natumaini mama yako anaendelea vizuri.

Jumapili iliyopita ilikuwa siku ya wazazi. Mama yangu alikuja kwa kivuko na mfuko wa karanga. Nilijua kuna jambo kwa sababu zilikuwa changa, amezing'oa kabla ya wakati. Ameniambia kwamba mwezi Mei walikuja watu na utepe wa kupimia, wakapiga vigingi hadi katikati ya mihogo, na sasa kuna ukuta wa stoo ya vifaa vya ujenzi. Amepanga chumba hapo Mkolani, karibu nanyi. Anasema Mjomba alimtafutia chumba chenye dirisha zuri. Hilo la dirisha alilisema mara mbili.

Alipokuwa anazungumza, barua zako zote mbili zilikuwa mfukoni mwangu. Sikumwambia. Sikunyamaza kwa ajili yako. Nilinyamaza kwa sababu kusema ni kazi yako, na nikikufanyia mimi utaishi maisha yako yote ukiwa nje unachambua mchicha.

Mama aliniuliza kama bado nakumbuka ubishi wetu wa Krismasi. Alicheka. Akasema Babu baadaye alimuuliza kama kweli hizo simu zinatofautiana, maana yeye zote aliziona zinafanya kazi moja, kutunza maneno ya mtu mpaka yatakapohitajika. Nami niliipenda yangu kwa kamera yake.

Karatasi hazikuisha, Rebeka. Ulijaza kurasa mbili ukaacha nusu ya ukurasa wa tatu. Niliiona.

Hujajibu kuhusu kadi.

Evelina

*

Mkolani
17 Agosti 2025

Mpendwa Dada Evelina,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama hajambo. Baba hajambo. Nami ni mzima wa mwili.

Kadi ninayo. Nimekuwa nayo wakati wote.

Mhoja aliifunga pamoja na laini ya Babu kwenye kipande cha karatasi ya daftari, akanipa, nikaitia kwenye boksi la iPhone bila kuifungua. Nilidhani ni laini peke yake. Alhamisi ile niliyopata barua yako, kabla hata ya kuimaliza, nilikwenda kufungua boksi. Ni kitu kidogo kuliko ukucha wangu wa mwisho. iPhone haikuwa na pa kuiweka, kama ulivyosema. Lakini kitochi cha Mama, kile cha vibonyezo ambacho mimi na wewe hatukukihesabu hata kuwa simu kwenye ubishi wetu, kina mlango wa kadi chini ya betri. Mama alikuwa anafua. Nikaichomeka, nikajifungia chumbani, nikaweka sikio.

Ni dakika nne. Kwanza kuna sauti yangu nikisema, "Tayari, Babu," na mlango. Kisha anakohoa, kisha anakaa kimya sana mpaka nikadhani imekwisha. Alisema kwa Kisukuma, nami nakuandikia kwa Kiswahili nilivyoweza.

Alisema, "Shamba la barabarani ni la Teodora. Sikumpa kwa huruma, amelifanyia kazi. Machibya ana lile la mlimani na ng'ombe. Machibya, usikasirike, ulikuwa mtoto mzuri." Kisha akataja mipaka, mti kwa mti. Halafu akasema, "Simu nimemwachia Rebeka kwa sababu ni mkimya. Hataongeza wala hatapunguza."

Niliisikiliza mara moja tu. Sijaweza mara ya pili.

Siku ile shamba lilikuwa bado halijauzwa. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu, usije ukalihesabu mwenyewe kwa tarehe. Watu wa utepe walikuja wiki mbili baadaye. Nilikuwa na wiki mbili. Kila asubuhi nilimwona Baba akinywa chai, nikasema nitasema akimaliza kikombe. Alikuwa akimaliza, mimi nikikiosha.

Ijumaa, kesho yake baada ya kusikiliza, Baba alirudi na fomu ya chuo cha uuguzi. Aliiweka mezani, akailainisha kwa kiganja, akasema ada itakuwepo. Hakusema itatoka wapi, na mimi sikuuliza. Alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona usoni kwake, dada. Tangu nikiwa darasa la tano ananiita nesi mbele za watu. Nilifikiri nikitoa kadi, natoa na fomu. Halafu nikafikiri huenda ni hila ya moyo wangu tu, kwamba pengine angeweza kuuza ng'ombe. Sikutaka kujua. Hilo ndilo nililokuwa nakuficha kuliko kadi yenyewe.

Mwezi Juni akasema mwanachuo anahitaji simu nzima, isiyo ya kurithi. Akaniuliza, "Unataka iPhone au Android? Chagua mwenyewe." Miaka yote nimengoja mtu aniulize hivyo. Nilikuwa na hoja zote, za betri, za kamera, za bei, za laini mbili. Nikasema, "Yoyote, Baba." Akaniletea Android mpya, ina mlango wa kadi. Mpaka leo uko mtupu.

Shangazi hukaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Dirisha lake ni zuri kweli, linatazama ukuta wa jirani. Hana pa kulima, kwa hiyo anafagia uwanja wa mwenye nyumba mara mbili kwa siku, na mwenye nyumba amekwisha kumwambia aache. Jana alikuja na kanga mbili mpya za kwenda nazo chuoni. Akaniomba nimwonyeshe Babu kwenye iPhone yako. Nikamwonyesha ile ya kofia. Aliikuza kwa vidole viwili kama nilivyomfundisha, mpaka likabaki jicho moja na ukingo wa kofia.

Akasema, "Hii simu ya mwanangu inatoa picha kali. Basi tu haisemi."

Kisha akanipa pole tena kwa kuibiwa.

Kadi nilikuwa nayo. Ilikuwa mfukoni mwa sketi yangu, ndani ya karatasi ya Mhoja, maana tangu Aprili siachani nayo. Nilitia mkono mfukoni nikaigusa. Nikasema, "Asante, shangazi."

Naripoti chuoni Septemba. Siwezi kwenda nayo, na siwezi kuitupa. Nilisimama na hiyo kadi kando ya choo nikashindwa. Kwa hiyo nimeifunga humu ndani ya barua, imeshonwa kwa uzi mweupe kwenye pembe ya ukurasa huu. Usiivute kwa nguvu. Huko kwenu hakuna simu, iPhone wala Android wala kitochi, na hakuna mahali pa kuichomeka. Nimewaza muda mrefu, sikuona mahali pengine ambapo Babu anaweza kukaa bila kusema.

Najua utakachosema. Najua pia kwamba ni mama yako. Uliniambia kusema ni kazi yangu. Mimi siiwezi, dada. Nimejaribu kila asubuhi.

Nikimaliza chuo nitaanza kazi, nami nitamnunulia shangazi kiwanja, hata kidogo, hata Misungwi ndani huko. Mpaka siku hiyo, nakuomba kwa magoti uifiche. Usimwonyeshe Sista mlezi. Mama yako akija na karanga, kula naye karanga. Usimwambie yeye, wala mtu mwingine yeyote.

Mdogo wako,
Rebeka